Kinasa Ndoto Mwilini: Utando Kwanza, Manyoya Baadaye

Miongoni mwa michoro ya tatuu iliyosambaa duniani katika miongo miwili iliyopita, ni michache inayotambulika upesi kama kinasa ndoto: pete ya duara, utando wa nyuzi ndani yake, shanga mbili tatu, na manyoya yanayoning'inia chini. Mchoro huu unaonekana kwenye mabega, mapaja, mbavu na mikono ya watu wa kila taifa, wakiwamo vijana wa Nairobi na Dar es Salaam ambao hawajawahi kukiona kinasa ndoto chenyewe isipokuwa kwenye picha za simu. Ukimuuliza mwenye tatuu hiyo ina maana gani, jibu huwa karibu lile lile: inazuia ndoto mbaya na kuruhusu njema. Jibu hilo si la uongo, lakini ni jembamba mno kwa kitu chenye historia ndefu kiasi hiki, na wembamba huo hujitokeza kwenye mchoro wenyewe. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba ubora wa tatuu ya kinasa ndoto na heshima kwa watu walioibuni ni jambo moja. Mchoraji asiyejua kitu hiki husukwa namna gani, na kwa ajili ya nani, hukosea kwanza kwenye utando, na akishakosea utando, hakuna idadi ya manyoya itakayomwokoa.

Tuanze na wenyewe. Kinasa ndoto ni kazi ya Waojibwe, watu wa jamii kubwa ya Waanishinaabe, ambao kwao ni ukanda wa Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, upande wa Minnesota, Wisconsin na Michigan nchini Marekani, na upande wa Ontario na Manitoba nchini Kanada. Maelezo ya zamani yanayotajwa zaidi yaliandikwa na Frances Densmore, mtafiti mzaliwa wa Minnesota aliyewatembelea Waojibwe mara nyingi tangu mwanzoni mwa karne ya 20 akirekodi nyimbo na desturi zao, na kitabu chake kuhusu desturi hizo kilichapishwa mwaka 1929 na Taasisi ya Smithsonian. Humo anaeleza kwamba hata watoto wachanga walikuwa na vitu vya kuwakinga, na anatoa mfano wa pete ndogo za mti, zenye kipenyo cha takriban inchi 3 na nusu, yaani karibu sentimita 9, zilizojazwa nyuzi zilizosukwa kwa kuiga utando wa buibui. Nyuzi hizo kwa kawaida zilitiwa rangi nyekundu, na zamani zaidi zilisokotwa kutokana na mmea unaowasha, wa jamii moja na thabai ya nyanda za juu za Kenya. Pete hizo, mara nyingi mbili pamoja, zilitundikwa kwenye upinde wa ubao wa kumbebea mtoto, na kazi yake, kama Densmore alivyoelezwa, ilikuwa kunasa madhara yoyote yaliyomo hewani jinsi utando wa buibui unavyonasa kila kinachougusa.

Maelezo hayo mafupi yanastahili kusomwa taratibu na kila anayefikiria kujichora mchoro huu. Hayataji ndoto, yanataja madhara yaliyomo hewani. Hayataji manyoya. Pete yenyewe inaenea kwenye kiganja, ilhali tatuu nyingi za leo huanzia begani na kushuka hadi kiunoni, na rangi ya nyuzi zake ni nyekundu, ilhali tatuu hizo nyingi ni nyeusi au za buluu ya feruzi. Sisemi haya ili kudai kwamba ndoto na manyoya ni uzushi, kwa sababu desturi hai hubadilika, na Waojibwe wenyewe leo hutengeneza vinasa ndoto vyenye manyoya na kuvieleza kwa habari ya ndoto. Ninachosema ni kwamba kiini cha kitu hiki, kilichokuwapo kabla ya mapambo, ni utando pamoja na mtoto aliyekingwa nao. Kwa msomaji wa pwani yetu hilo si jambo geni. Ni hirizi ya mtoto mchanga, kama ile anayovishwa mkononi au shingoni ili kumwepusha na kijicho, na kama ilivyo kwa hirizi, mtoto hakujichagulia. Alipewa na watu wazima waliomtakia uzima.

Simulizi linalopendwa zaidi kuhusu asili ya kinasa ndoto linaeleza utoaji huo. Mama Buibui, Asibikaashi, alikuwa mlinzi wa watoto wa Waojibwe, na taifa lilipopanuka na kutawanyika mbali, akashindwa kumfikia kila mtoto mahali alipolala. Ndipo akina mama na mabibi wakaipokea kazi hiyo mikononi mwao, wakapinda fito za mwerebi, mti laini wa kandokando ya maji, wakasuka ndani yake utando kwa kano za wanyama au nyuzi za mimea. Katika masimulizi ya siku hizi utando huo huinasa ndoto mbaya, nayo huteketea jua la asubuhi linapoigusa, wakati ndoto njema huijua njia, hupita kwenye tundu la katikati na kuteremka juu ya manyoya hadi kwa aliyelala.

Walakota wa nyanda za magharibi, ambao ni watu wengine kabisa kwa lugha na kwa historia, nao wana simulizi lao. Mzee wao, akiwa juu ya mlima katika njozi, alitokewa na Iktomi, mjanja mkubwa na mwalimu wa hekima, akiwa na umbo la buibui. Iktomi akaichukua pete ya mwerebi aliyokuwa nayo mzee huyo, yenye manyoya, singa za farasi na shanga, akaanza kusuka huku akimweleza mizunguko ya maisha, tangu uchanga hadi uzee ambao mtu hurudi kutunzwa na wenzake kama mtoto. Alipomaliza akamkabidhi utando wenye tundu katikati. Lakini hapa kazi ya utando imegeuzwa: kilicho chema hunaswa na kubaki na watu, na kilicho kibaya hupenya kwenye tundu na kwenda zake.

Wachambuzi wengi wa michoro ya tatuu huipita tofauti hii kana kwamba haipo, nami naona ndiyo inayopaswa kumshughulisha mtu kuliko zote, kwa sababu inahusu sehemu moja mahususi ya mchoro. Tundu la katikati ni mlango wa kheri kwa masimulizi ya Waojibwe, na kwa Walakota ni mlango wa kutokea shari. Kwa vyovyote vile ni mlango. Ndiyo maana nasikitika ninapoona tatuu ambayo katikati yake pamejazwa jicho, waridi, uso wa mbwamwitu, au saa ya mchanga, kwa kuwa mchoraji aliona pengo na akadhani pengo ni kasoro. Kwa hesabu ya Waojibwe, ndoto njema ya mtu huyo haina pa kupitia. Kwa hesabu ya Walakota, mabaya yake hayana pa kutokea. Shanga moja ndogo kando ya utando ni jambo jingine, kwa sababu mara nyingi husemwa kwamba ni buibui mwenyewe akiwa kazini, na buibui haketi mlangoni akauziba.

Utando wenyewe husukwa kwa namna ambayo mtu akiitazama kwa makini mara moja haisahau. Uzi hufungwa kwenye fito iliyopindwa kuwa pete, huvutwa pembeni kidogo, huzungushwa juu ya fito na kupitishwa nyuma ya sehemu yake wenyewe, kisha hukazwa. Na hivyo hivyo hadi pete nzima izungukwe na vitanzi vinavyolingana, vilivyolegea kiasi cha kuvutika. Mzunguko wa pili haugusi tena fito. Uzi hupita katikati ya kila kitanzi cha mzunguko wa kwanza na kukivuta kuelekea ndani, na kitanzi kilichokuwa upinde hugeuka kuwa pembe. Mzunguko wa tatu huufanyia wa pili vivyo hivyo, kila mzunguko ukiwa mdogo kuliko uliotangulia, hadi libaki tundu ambalo ukingoni mwake uzi hufungwa fundo la mwisho. Ufundi huu unakaribiana na ule ambao Waojibwe waliutumia kusukia viatu vya kutembelea juu ya theluji, na mtu anayeujua uzito ambao viatu hivyo hubeba hatauona utando huu kuwa pambo tu. Matokeo yake ni kwamba utando wote ni uzi mmoja. Hakuna mstari unaokatiza kutoka ukingo hadi ukingo, wala duara linalojitegemea ndani ya duara lingine, na ukiweka kidole juu ya fundo la kwanza unaweza kuufuata uzi hadi katikati bila kukinyanyua.

Kipimo hicho cha kidole kinatosha kuitenga tatuu iliyochorwa kwa ujuzi na ile iliyonakiliwa. Kwenye nyingi, kidole kinakwama mara moja. Utakuta nyota ya pembe nyingi iliyowekwa ndani ya duara, au petali za ua zilizopangwa kwa ulinganifu wa rula, au mandala, ruwaza ya duara ya kidini, ambayo ina heshima yake katika Uhindu na Ubudha lakini haikuzaliwa kwenye ubao wa kumbebea mtoto kando ya Ziwa Superior. Wapo pia wachoraji ambao, kwa kusikia kwamba ni utando wa buibui, huchora utando halisi wa buibui wa bustanini, wenye miale inayotoka katikati na nyuzi zinazoizunguka, bila kutambua kwamba kinasa ndoto hakina miale hata mmoja. Kosa hili si dogo. Miale hushikilia kitovu. Katika kinasa ndoto hakuna kitovu cha kushikiliwa, kuna mlango, na mvutano wote wa uzi umepangwa ili mlango huo ubaki wazi.

Idadi ya vitanzi vinavyogusa fito nayo haikuachwa hivi hivi katika maelezo mengi. Vikiwa vinane, husemwa kwamba ni miguu ya buibui. Vikiwa saba, huhusishwa na unabii wa Mioto Saba wa Waanishinaabe, yaani vipindi saba vya historia yao, na wapo wanaovihusisha na mafunzo ya Mababu Saba: hekima, upendo, heshima, ujasiri, uadilifu, unyenyekevu na ukweli. Sidhani kwamba mtu asiye Mwanishinaabe anahitaji kudai mafunzo hayo kuwa yake ili achore vitanzi saba, lakini mchoraji anayehesabu kabla ya kuweka stensili, karatasi ya kunakilia mchoro, juu ya ngozi ameonyesha kwamba anajua mikononi mwake pana nini.

Manyoya ndiyo yanayochukua nafasi kubwa zaidi kwenye tatuu za leo. Maelezo yanayosambaa husema unyoya wa tai ni wa mvulana, kwa ajili ya ujasiri, na wa bundi ni wa msichana, kwa ajili ya hekima. Msomaji wa Afrika Mashariki atasita kidogo hapo, kwa sababu kwetu bundi akilia juu ya paa watu hawalali kwa amani. Na jamii nyingi za wenyeji wa Amerika zenyewe humhusisha bundi na kifo. Hivyo, kabla ya kumwekea binti yake unyoya wa bundi kwenye mchoro kwa sababu tu tafsiri hiyo ameikuta kila mahali, mtu na atafakari kwanza.

Unyoya wa tai una uzito mwingine kabisa. Miongoni mwa mataifa mengi ya wenyeji wa Amerika hupewa mtu kama heshima aliyoistahili, na unahusika na sala na sherehe. Una uzito wa kisheria pia. Sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1940 ya kumlinda tai mwenye kichwa cheupe, iliyopanuliwa mwaka 1962 ili imhusu na tai wa dhahabu, inakataza kumiliki hata unyoya mmoja bila kibali, na watu wa mataifa ya wenyeji yanayotambuliwa na serikali huomba manyoya kwa ajili ya ibada kutoka kwenye ghala maalumu la serikali huko Colorado, ambako kupata ndege mzima au mkia kamili kunaweza kumgharimu mwombaji miaka ya kusubiri. Ninapoutazama unyoya wa tai ukichorwa kwenye kifundo cha mguu cha mtu asiyejua hata ni wa ndege gani, hilo ndilo linalonijia akilini: kwamba wenyewe wanausubiri.

Hata kwa jicho la mchoraji tu, manyoya haya huharibiwa kirahisi. Mara nyingi huchorwa kama majani, pande mbili zikilingana juu ya mshipa ulionyooka, na kasoro hiyo huifanya tatuu nzima ionekane imechoka. Unyoya wa bawa la ndege arukaye mbali haulingani. Upande unaokata upepo ni mwembamba na mgumu, upande wa pili ni mpana, uti wake umepinda kidogo, na nyuzinyuzi zake hushikamana isipokuwa pale zilipochanika. Mpasuko mmoja uliowekwa mahali pake humfanya mtazamaji aamini kwamba kile ni kitu chenye uzito mdogo kinachoitikia pumzi. Manyoya ya tausi ni mazuri, lakini tausi ni ndege wa Bara Hindi, na kuyatundika kwenye kinasa ndoto ni kusema wazi kwamba mchoro umeokotwa. Mtindo wa unyoya unaomeguka na kuwa kundi la ndege wanaoruka, uliopendwa sana katika miaka ya 2010, nauona umechosha macho.

Kuna jambo la ndani zaidi kuliko ubora wa mistari, nalo ni kwamba tatuu, kwa asili yake, hukigeuza kinasa ndoto. Kitu kilichotolewa na mtu mzima kwa mtoto sasa huchaguliwa na mtu mzima kwa ajili yake mwenyewe. Kilichotundikwa kati ya mtoto na hewa sasa kimeingia ndani ya ngozi. Na kilichotengenezwa kwa vitu vinavyooza sasa hakifutiki. Geuzo hili la mwisho ndilo linalonifikirisha zaidi. Fito ya mwerebi hukauka, kano hulegea, uzi wa mmea hukatika, na wengi wanaosimulia desturi hii husema kwamba ilikusudiwa hivyo, kwamba kinga ya utotoni ichakae kadiri mtoto anavyokua. Hilo linaendana na tunayoyajua kuhusu nafasi ya ndoto katika maisha ya Waojibwe wa zamani. Kijana alifunga kula na kukaa peke yake porini akiitafuta ndoto ambayo ingemwongoza maishani, na aliyeipata aliitunza kama mali kuliko zote. Mtoto mchanga alikingwa na yaliyomo hewani kwa sababu hakuwa bado na nguvu ya kukabiliana nayo. Kijana aliyekua hakuikimbia ndoto, aliiendea. Kinasa ndoto cha kudumu kwenye paja la mtu wa miaka 30 kinasema jambo ambalo desturi ya kwanza haikulisema.

Je, hilo linaufanya mchoro huo kuwa kosa? Sidhani. Linaufanya uhitaji sababu. Mama anayejichora kinasa ndoto kwa ajili ya mtoto wake, aliye hai au aliyetangulia mbele ya haki, yuko karibu na desturi ya asili kuliko kijana anayejichora ili alale vizuri, kwa sababu mama huyo amebaki upande wa mtoaji. Mwili wake umekuwa ule upinde ambao kinga imetundikwa, na anayekingwa ni mwingine. Tofauti hii ingeweza hata kuongoza usanifu: mchoro wa namna hiyo una sababu ya kuwa mdogo, wa ukubwa wa kiganja, na wa kuwekwa mahali ambapo mtoto hubebwa, kwenye mkono au juu ya bega, badala ya ubavuni au mgongoni.

Wengine hujitetea kwa kusema kwamba wenyeji wa Amerika nao walijichora, kwa hiyo tatuu ya kinasa ndoto ni mwendelezo wa jadi yao. Ni kweli kwamba walijichora. Wanawake wa Inuiti walikuwa na michoro ya uso na mikono ambayo wamisionari waliipiga vita na ambayo wajukuu wao wanaifufua leo, na Waojibwe walikuwa na tiba ya kuingiza dawa chini ya ngozi kwa kifaa chenye sindano kadhaa zilizofungwa kwenye mpini. Lakini hirizi ya utando haikuwa sehemu ya jadi hizo. Ilikuwa kitu cha kutundikwa, na tatuu yake ni zao la soko la karne ya 20.

Historia ya soko hilo haiwezi kutengwa na historia ya dhuluma. Mwaka 1883 serikali ya Marekani iliweka kanuni zilizoharamisha ngoma na ibada za wenyeji kwenye maeneo waliyotengewa, na kwa miongo mingi watoto wao walichukuliwa na kupelekwa shule za bweni, mbali na mama na bibi ambao wangewasukia utando na kuwaeleza maana yake. Kanada nayo ilifanya hivyo hivyo, na shule za mwisho za aina hiyo zilifungwa huko katika miaka ya 1990. Sheria ya kulinda uhuru wa dini za wenyeji ilipitishwa na Bunge la Marekani mwaka 1978 tu. Kinasa ndoto kilivuka mipaka ya Waojibwe na kupokelewa na mataifa mengine katika miaka ya 1960 na 1970, wakati mataifa hayo yalipokuwa yakitafuta umoja na sauti moja, na si ajabu, kwa kuwa vuguvugu maarufu la kudai haki zao, American Indian Movement, lilianzishwa mwaka 1968 mjini Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, na Waojibwe kama Dennis Banks na Clyde Bellecourt walikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Kwa hiyo kabla hakijawa bidhaa ya duka la zawadi, kinasa ndoto kilikuwa alama ya watu walionyang'anywa watoto wao na wakasimama tena. Viwanda vilikuja baadaye. Hali ya udanganyifu wa kibiashara ilifika mahali ambapo mwaka 1990 Marekani ilitunga sheria ya sanaa za wenyeji, inayofanya kuwa jinai kuuza kitu kwa madai ya uongo kwamba kimetengenezwa na wenyeji, na adhabu yake kwa mtu binafsi inaweza kufikia faini ya dola 250,000 au kifungo cha miaka 5.

Sheria hiyo haigusi tatuu, na sioni namna ingeweza kuigusa. Lakini sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kuisikiliza hoja iliyo nyuma yake. Wamaasai wamedai kwa miaka kadhaa kwamba kampuni zinazojipatia fedha kwa jina lao na kwa mitindo yao ziwaombe ridhaa na kuwalipa, na wengi wetu tunaona madai hayo ni ya haki. Haiwezekani tukawa wakali kwa anayeichezea shuka ya Kimaasai huko Ulaya, kisha tukaukuta utando wa Waojibwe kwenye simu na kuutendea kama usio na mwenyewe.

Wala si kwamba Waojibwe wamekifungia kitu hiki ndani. Wengi hukisuka na kukiuza kwa hiari, na hukitoa kwa wageni kama faraja. Baada ya mauaji ya wanafunzi katika shule ya Columbine, Colorado, mwaka 1999, shule hiyo ilipelekewa kinasa ndoto kilichotengenezwa na wenyeji wa Amerika. Mwaka 2005 mauaji kama hayo yalipotokea katika shule ya Red Lake, Minnesota, kwenye ardhi ya Waojibwe wenyewe, kinasa ndoto hicho kikapelekwa Red Lake; na mwaka 2012, watoto wadogo walipouawa katika shule ya Sandy Hook mjini Newtown, jimbo la Connecticut, watu wa Red Lake wakasafiri nacho hadi huko na kuwakabidhi wafiwa. Mataifa ya wenyeji waliotenda haya hawakuwa wakilinda kitu chao dhidi ya wageni. Walikuwa wakikitumia kwa kazi yake, yaani kukiweka juu ya watoto walio hatarini. Ninaposikia mtu akisema kwamba maana ya kinasa ndoto imeshapotea na kwa hiyo kila mtu ajichoree atakavyo, mfano huu ndio ninaompa.

Kwa aliyekwisha kupima yote haya na bado anautaka mchoro mwilini, yapo mambo ya ufundi yanayofuata moja kwa moja. Wino hukaa kwenye tabaka la pili la ngozi, na kadiri miaka inavyopita mistari hunenepa na kutawanyika. Utando uliosongamana, wenye mizunguko mingi ndani ya pete ndogo, baada ya miaka kadhaa utakuwa doa la kijivu, na kitu cha kwanza kufutika ni lile tundu la katikati. Mizunguko mitatu au minne iliyoachana vizuri, na tundu kubwa kuliko jicho linavyodhani linahitajika, itadumu. Pete nayo huathiriwa na umbo la mwili: duara lililochorwa kwenye mkono uliokunjwa hugeuka yai mkono unaponyooshwa, ndiyo maana stensili hupaswa kuwekwa mtu akiwa amesimama kwa utulivu, si akiwa amelazwa tayari kwa sindano.

Ngozi nyeusi ina masharti yake. Rangi hafifu, kama njano, nyeupe na feruzi ya picha za kwenye intaneti, hupotea chini ya weusi wa ngozi, na mchoraji anayeahidi vinginevyo anatafuta malipo. Nyekundu, ambayo ndiyo rangi iliyo karibu na nyuzi zile za zamani, huonekana vyema zaidi ikiwa imekolea, lakini wino mwekundu ndio unaojulikana kwa kuleta mzio kuliko rangi nyingine, kwa hiyo ni busara kujaribu nukta ndogo kwanza na kusubiri wiki kadhaa. Nyeusi peke yake, kwa mistari minene na nafasi pana, ndiyo salama zaidi, nayo inautendea haki utando kwa kuwa haumruhusu mchoraji kuficha udhaifu wa muundo nyuma ya rangi. Mtu anayeweza na amwagize msanii wa Kiojibwe amchoree ruwaza hiyo, amlipe, kisha aipeleke kwa mchoraji wake wa karibu. Na yule ambaye ngozi yake ina historia ya makovu yanayovimba, jambo linalowapata zaidi watu wa asili ya Afrika, ningemshauri asichore kabisa. Anunue kinasa ndoto kilichosukwa na Mwojibwe, kwa bei ambayo msukaji mwenyewe ameitaja, akitundike juu ya kitanda cha mtoto.